Pini Kwenye Shingo ya Relja

Mimba ndiyo iliyonitoa nje, wamesema mjamzito haingii chumba cha eksirei, basi mume wangu kavishwa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, kambeba Relja wetu anayepaliwa kila akinyonya, wakaingia, nami nikabaki kwenye benchi la kioski cha hospitali, hapa mjini Niš, na mama mkwe Desanka na wazee wawili wasiobanduka pale: Upepo, ambaye kila ugonjwa kwake ni upepo wa dirishani, na Fundi, aliyekuwa akitengeneza televisheni. Nilishika kikombe cha kahawa, sikunywa.

— Wanamnywesha dawa nyeupe, Fundi akasema, wanamtazama anavyomeza, palepale, kama mpira wa moja kwa moja.

— Wamemvua nguo? Upepo akauliza.

— Fulana nimewakatalia mlangoni, wasimvue, Desanka akajibu. Chumba kile kina baridi.

— Umefanya la maana, bibi! Upepo ukishaingia kooni, hautoki.

Nesi akachungulia kutoka mlango wa chumba cha eksirei. Picha inaonyesha pini shingoni. Daktari wa upasuaji ameitwa.

— Upepo umeisukuma! Pini ilikuwa mezani, dirisha wazi, hup, mdomoni!

— Acha ujinga, mzee. Nina sumaku ya spika nyumbani. Unaiweka shingoni, pini inatoka yenyewe.

— Itamtoa na meno!

— Meno gani, mtoto wa miezi mitano?

— Basi ndo yatakayoota!

— Nyamazeni! nikapiga kelele. Watamchana mwanangu, nyie mnabishana!

Kikombe cha Desanka kilikuwa kimeganda karibu na midomo.

Nesi akarudi, safari hii akatoka kabisa.

— Daktari haelewi. Dawa inapita vizuri, koo linapanda na kushuka, pini haisogei. Ile fulana, nani alimvalisha?

Nilimvalisha mimi, lakini aliyemwekea sawa ukosi hakuwa mimi.

— Mama, nikamwambia Desanka, ule uzi mwekundu wa kumkinga na kijicho, uliufunga wapi?

Kahawa ikammwagikia mapajani, hata hakushtuka.

— Ndani ya ukosi, mwanangu. Kwa pini. Ulisema hutaki kuuona.

Nesi alishageuka, anakimbia. Tukabaki tunausikiliza mlango, wanne, mpaka Relja akalia huko ndani, kilio kikubwa, cha hasira, cha mtoto anayevuliwa fulana.