Migongo ya Akina Mama: Maisha ya Ularbek Satyev, 1972–2024

Ndugu waombolezaji, majirani wa majengo haya matatu mliotukubalia kusimika hema la sufu katikati ya uwanja wa kuchezea watoto wenu, jamaa mliotoka Naryn kwa barabara ya barafu, nanyi wageni wetu wa chuo kikuu mliokaa mstari wa mbele kwa kuwa ndiko kulikokuwa na viti, mimi ni Tologon, mume wa dada yake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Ularbek Satyev kabla hatujamwinua.

Yafaa mjue tangu mwanzo kwamba leo historia za marehemu ziko mbili. Hii ninayoisoma imeandikwa na familia, jikoni, kati ya chai na machozi, na ile ya pili imeletwa asubuhi na Naibu Mkuu wa Chuo, Bwana Taalaibek, ikiwa imechapwa vizuri na kupigwa mhuri siku ya Jumapili, siku ambayo ofisi ile haijapata kumfungulia mtu mlango, nayo inasema kwamba marehemu alihitimu kwa heshima katika Idara ya Taswira na Mawasiliano na alikuwa fahari ya walimu wake. Pamoja nayo wameleta shahada yenyewe katika jalada jekundu, shada la maua, na kamera, wakaomba mjane akabidhiwe shahada hiyo mbele ya maiti, picha ikichukuliwa. Jambo hilo si langu kuliamua, ni la Mairamkan, mke wake, aliyemo ndani ya hema nyuma yangu na anayenisikia, naye ameshaamua, na jibu lake nitalisoma likifika zamu yake, kwa sababu maisha ya mtu yana utaratibu wake hata wageni wakiwa na haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, wilaya ya At-Bashy, mkoa wa Naryn, mtoto wa nne wa Kasymaly, mganga wa mifugo wa shamba la ushirika, na Zuurakan, mkamuaji maziwa wa shamba hilohilo. Alisoma shule ya kijiji tangu 1979 hadi 1989, akapata alama za kawaida na onyo moja la maandishi, alilopewa kwa kumpiga picha mwalimu mkuu akiwa amelala katika mkutano wa kuhimiza bidii, picha ambayo kila aliyeiona alikiri kuwa ilikuwa kali na yenye mwanga mzuri. Mwaka 1990 aliitwa jeshini, akaingia akiwa askari wa nchi moja, nchi ikavunjika, akatoka mwaka 1992 akiwa askari wa nchi nyingine bila kuhama kambi, kisha akaja hapa Bishkek, akafungua kibanda cha picha za pasipoti karibu na soko la Osh, wakati ambao taifa zima lilihitaji pasipoti mpya na kila mtu alitaka kuonekana hana wasiwasi.

Tarehe 1 Septemba 1998, akiwa na miaka ishirini na sita, alijiunga na chuo kikuu, katika idara ambayo kabla ya hapo iliitwa Idara ya Uenezi na Mabango ya Chama, na ambayo ilibadilishwa kuwa ya Taswira na Mawasiliano kwa kubandua kibao kimoja mlangoni na kubandika kingine, walimu wakibaki kwenye viti vyao, hata mito ya viti haikubadilishwa. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Sovetbek, ambaye yupo nasi, karibu sana Profesa, mtu aliyefundisha miaka ishirini namna ya kuchora mfanyakazi mwenye furaha, kisha akaamka asubuhi moja akiwa mtaalamu wa mawasiliano ya kisasa. Idara ilikuwa na kamera moja, iliyokaa ndani ya sefu ya mkuu wa kitivo na kutolewa waziri akija, ili apigwe picha akiitazama. Wanafunzi walijifunza kupanga picha kwa kuchungulia katika tundu la karatasi ngumu, walifanya mtihani wa mwanga kwa kueleza mwanga kwa mdomo, na katika mtihani wa uhariri, shemeji yangu alipouliza watahariri nini, alijibiwa kwamba kwanza wahariri tabia zao.

Nasema haya si kwa kuwacheka, maana aliyesoma pale hakucheka. Ularbek aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, hakutaka jina wala gari, alitaka kitu kimoja tu, shahada, kwa sababu bila shahada hakuna shule ya nchi hii ambayo ingemruhusu kufundisha picha, na yeye alitaka kufundisha watoto wa milimani kuangalia.

Baba yake, Mzee Kasymaly, alifariki tarehe 6 Novemba 2002, mwezi ambao marehemu alitakiwa kuanza filamu yake ya kumaliza masomo. Alikwenda Naryn na kamera ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi, na usiku wa kwanza akamwomba mama yake ruhusa ya kurekodi maombolezo. Mama akamwambia, "Piga, mwanangu. Lakini usinizunguke ukaja mbele yangu." Basi akapiga kutoka mlangoni, pale wanaposimama wanaoingia, akina mama wakiwa wamekaa kama wanavyokaa sasa hivi hemani, uso kwenye ukuta, mgongo kwa watu, mikono kiunoni, wakimwimbia maiti mashairi ya kilio, na filamu nzima ni mabega, vitambaa vya kichwa, na sauti. Niliiona. Anayesema kwamba mgongo hauna la kusema hajapata kukaa nyuma ya mama yake.

Tarehe 12 Juni 2003 filamu ilifika mbele ya kamati ya watahini. Walikuwa watu watano, wote Wakirgizi, wote wa kuzaliwa milimani, kila mmoja amewahi kuingia katika hema la msiba na kuona alichokiona Ularbek, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka, maana mtu akikalia kiti cha kamati huacha kumbukumbu zake mlangoni pamoja na viatu vya theluji. Walisema kanuni ya tatu ya idara inataka mhusika aonekane uso, na filamu hii haina uso hata mmoja, hivyo haina mhusika, hivyo si filamu. Profesa Sovetbek akamshauri kwa wema, na maneno yake marehemu aliyarudia nyumbani mara nyingi hata sisi tukayajua kwa moyo, akasema, "Ndugu Satyev, kazi ni ndogo. Warudishe wale mama, wageuze upande wa huku, walie tena dakika tano tu."

Ularbek akamuuliza, "Profesa, nimwue nani ili walie?"

Swali hilo liliandikwa katika kumbukumbu za kikao kama utovu wa nidhamu. Kila mtu hapa anajua kwamba kilio hakiimbwi bure, anayekiimba bila maiti anaiita maiti nyumbani kwake, na nyumba ile ilikuwa imeshatoa mmoja. Wenzake wawili walimshauri achukue wanafunzi wa kike wa idara ya tamthilia, awavishe vitambaa, wapige kelele, mambo yaishe, na mmoja wao aliyefanya hivyo kwa filamu yake mwenyewe alipata alama ya juu na leo ni mkuu wa kitengo cha televisheni. Ularbek alikataa, akaondoka bila shahada.

Tarehe 21 Agosti 2004 alifunga ndoa na Mairamkan, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Aizirek mwaka 2005 na Sanjar mwaka 2009. Aliwalea kwa kazi ya video za harusi, na hapa sitamsifu kupita kiasi, maana ni wengi humu uwanjani mnaoonekana katika harusi zenu mkibusiana ndani ya ua waridi linalozunguka, huku njiwa wakiruka kutoka pembe nne, na hayo yote aliyatengeneza yeye kwa mikono yake. Nilipomtania, alinijibu kwamba bibi harusi ametaka njiwa, na harusi ni yake.

Mwezi Oktoba 2009 mama mzazi wa Profesa Sovetbek alifariki. Ularbek alikwenda kumpa pole, kama inavyostahili, akamkuta Profesa nje ya hema ameegemea fimbo analia kama sote tunavyolia, na ndani dada zake wamekaa uso ukutani, mgongo kwa watu. Alirudi nyumbani na matumaini kama mtoto, akamwambia mkewe kwamba sasa Profesa ameona mwenyewe. Baada ya siku arubaini kupita, kwa adabu, akaiwasilisha filamu upya. Profesa aliitazama mpaka mwisho, safari hii akafuta macho, tunakushukuru kwa hilo Profesa, kisha akairudisha, akasema, "Ile ni mila, mwanangu, na hii ni mawasiliano. Usichanganye."

Mwaka 2017 akajaribu tena. Idara ilikuwa imepata wafadhili wa nje na kamera mpya, zilizofungiwa katika kabati la vioo ili wafadhili wakija wazione, na Profesa alikuwa amestaafu lakini bado anashauri. Safari hii aliambiwa filamu ni nzuri, ila ni ya mila, iende kitivo cha historia, na kitivo cha historia wakaona ina picha, wakairudisha kwenye picha, ikaenda na kurudi baina ya majengo mawili yanayotazamana kama mbuzi ambaye muuzaji na mnunuzi wote wamemkataa, mpaka Mairamkan akaenda mwenyewe kuichukua, akamkuta katibu ameiweka chini ya chungu cha ua ili maji yasiloweshe meza.

Marehemu alianza kukohoa mwezi Oktoba 2022, wakati moshi wa makaa unaposhuka juu ya mji, tukadhani ni moshi, nasi sote tunakohoa. Mwezi Januari 2023 madaktari walikuta uvimbe katika pafu la kulia. Mwezi Septemba mwaka huohuo binti yake Aizirek, bila kumwambia baba, aliipeleka filamu Almaty, nchi jirani, kwenye maonyesho ya filamu fupi, ikapata tuzo ya kwanza, na waamuzi wakaandika kwamba hawajapata kuona huzuni iliyopewa heshima namna ile. Gazeti likaandika. Na ndipo chuo kikuu kilipogundua kwamba kilikuwa kimemfundisha. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, lakini hawa ndugu zetu walisubiri kidole kipoe kwanza, maana wakati wote huo alikuwa amelala mtaa wa tatu kutoka lango lao, hai, anapokea wageni, na hakuna aliyebisha hodi. Alikuwa akiuliza. Naliweka hapa wazi kwa sababu ndilo linalotuuma. Kila simu ikilia aliuliza kama ni chuo. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, alfajiri, mkewe akimshika mkono, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza miaka hamsini na miwili.

Sasa zamu ya jibu imefika. Asubuhi, baada ya kunikabidhi historia yao, Bwana Taalaibek aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna tatizo dogo la kitaalamu. "Mzee Tologon," akasema, "tungewaomba akina mama wageuke kidogo. Mwanga mzuri uko upande wa mlango." Nimezaliwa na watu wenye adabu. Niliingia hemani, nikakaa nyuma ya Mairamkan, nikamweleza yote, shahada, jalada, kamera, na ombi la kugeuka. Nikamwambia pia, kwa haki, kwamba Ularbek aliitaka shahada hiyo maisha yake yote, na kwamba watoto pengine wangefurahi kuiona ukutani. Hakugeuka. Aliacha kuimba, akasema, "Shemeji, waambie maiti wamempata. Uso hawaupati."

Nikauliza, na shahada je? Akasema, "Wampe aliyehitimu. Wangu hakuhitimu, na asomewe hivyohivyo, kwa sauti, Profesa asikie." Kisha akaendelea kuimba.

Kwa hiyo nasoma kama nilivyoagizwa. Ularbek mwana wa Kasymaly alisoma taswira na mawasiliano katika chuo kikuu kuanzia mwaka 1998 hadi mwaka 2003, na hakuhitimu. Kilemba cha ukoka kilicholetwa leo asubuhi kitarudi na waliokileta. Shada la maua tutalipokea, maua hayana kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mapafu, ambao hawakumdanganya hata siku moja, majirani mliochinja farasi nasi na kulala nje mkichochea moto, wapiga picha wa harusi wa mji huu, wenzake wa kazi, mliokuja leo zaidi ya thelathini na hakuna hata mmoja aliyetoa kamera kwenye mkoba, na wazee wa Naryn mtakaomshusha kaburini. Wageni wa chuo tunawashukuru kwa kusikiliza, na kwenye chakula mtakaribishwa kama kila mtu.

Sasa wanaume tusogee, tumbebe. Shemeji yangu, udongo uwe laini juu yako kama hariri. Tunakulaza uso ukielekea kibla, na baada ya hapo hakuna kamati itakayokuambia ugeuke. Pumzika.