Bi Wegesa Aliyesoma Mstari Mzima

Nakuomba, wewe uliyeikuta karatasi hii ndani ya ratiba yako ya sherehe: isome ukiwa peke yako, uikunje, usimwonyeshe mtu, hata mwenzako wa zamu. Ikijulikana imetoka wapi, kazi sina. Wasifu utakaosomwa ukumbini leo umekatwa aya nne. Huu ndio mzima.

Bi Wegesa Keraryo anastaafu leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi ya maabara, tisa ya mwisho katika kliniki yetu ya uzazi hapa Musoma. Alizaliwa Butiama, akaanza kwa kupima damu vijijini. Kisiwani Rukuba mvuvi mmoja alizimia kwa kuona sindano. Alipozinduka akalalamika, "Nimevuaga sangara wa kilo arobaini, leo naangushwa na kasindano!" Bi Wegesa akamjibu, "Sangara hakukuomba damu, baba. Lala nimalizie." Watu walicheka mpaka foleni ikavunjika.

Safari zile ndizo zilizomwonyesha jinsi selimundu, yaani sikoseli, inavyomaliza watoto wa ukanda huu wa ziwa. Kwa hiyo kliniki ilipoanza kupima vinasaba vya viinitete kabla ya kupandikiza, yeye ndiye aliyejifunza kwanza kuchukua chembe chache bila kukiharibu kiinitete. Chembe hupelekwa Dar es Salaam, majibu hurudi kwenye karatasi, kila kiinitete na mstari wake.

Utaratibu wetu ni kwamba kisahani chenye kiinitete hakitoki maabara bila watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatazama na kujibu, "Nimeshuhudia." Kwa uchache wetu, shahidi huwa ni karani wa masjala.

Mwaka juzi walikuja Yunis na mumewe Enos, wa Manyamanyama kule Bunda, wenye shamba la pamba. Walikuwa wamezika watoto wawili, wote kwa selimundu. Yunis mwenyewe ameniruhusu niandike jina lake. Viinitete vyao vilikuwa vitatu. Namba moja na namba mbili vya kike, vizima. Namba tatu cha kiume, kina ugonjwa uleule.

Mama mkwe, Bi Ngolo, alimfuata mkuu wa kliniki, Daktari Leonardi, akamlilia apate mrithi wa boma. Yunis hakuulizwa. Enos hakuulizwa. Asubuhi ya kupandikiza kikaja kikaratasi maabara: namba tatu. Bi Wegesa akaenda kwa Daktari kuhoji. Akajibiwa, "Dada, familia inataka dume. Sikoseli siku hizi ina dawa."

Dawa! Kwa watu waliokuja kwetu kwa sababu hiyo moja tu!

Bi Wegesa hakupiga kelele. Alirudi, akafungua kidirisha kinachotazama kitanda cha Yunis. Sisi husoma jina na namba, basi. Yeye alisoma mstari mzima: "Yunis wa Enos. Namba tatu. Wa kiume. Ana selimundu." Shahidi alijibu kwa sauti isiyofika hata mlangoni. Yunis akainua kichwa.

"Mama, rudia."

Akarudia.

"Hicho sitaki! Nimezika wawili, mnanipa na wa tatu?"

Alipandikiziwa namba moja. Leo binti yake Hilda ana miezi kumi na mitatu, anasimama kwa kushika ndoo, na Bi Ngolo hataki mtu mwingine ambebe.

Sisi tukamlipa Bi Wegesa barua ya onyo, eti ametoa siri za kliniki. Siri ya nani, kama si ya mwenye tumbo? Kisha ukabandikwa utaratibu mpya: isomwe namba tu, karatasi ya majibu ibaki masjala. Na ukumbini mtasikia kwamba alikuwa "mgumu kidogo kushauriwa". Ni aibu, na aibu hiyo si yake.

Bi Wegesa, asante kwa kila kisahani. Butiama ikupokee vizuri, magoti yakupe nafuu, na asubuhi zako ziwe ndefu, zisizo na zamu.

Kwa yeyote kati ya wageni wa leo aliyepandikiziwa hapa baada ya barua ile: karatasi za majibu zipo zote, hakuna iliyochanwa. Njoo dirisha la pili la masjala, Alhamisi saa saba mchana, wakubwa wakiwa wamekwenda kula. Usiniulize jina. Toa kadi yako, useme umekuja kusikia mstari wako. Nitakusomea wote, na safari hii utanisikia.