Chumvi Kwenye Keki ya Bi Ianthe

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mkae. Leo tuna msiba hapa kisiwani Carriacou, kijijini L'Esterre. Bi Ianthe Quashie ametutoka. Narudia, kwa walio mbali na kwa wenye masikio mazito: Bi Ianthe Quashie wa L'Esterre, yule mpishi wa shule, amefariki Jumanne asubuhi. Ameacha mdogo wake, Bi Lucinta. Ameacha na binti mmoja, Verlyn. Ndiyo, nimelitaja jina la Verlyn pamoja na walio hai. Naona simu imeshaanza kuita, watu wanataka kuniuliza kwa nini. Tulieni, nitawaambia.

Wengi wenu mmekula mkononi mwake. Alikuwa mkali, hilo tusifichane. Ukibakiza chakula alikuita kwa jina la ukoo wako mzima, ukarudi, ukamaliza. Lakini mtoto akifika siku yake ya kuzaliwa, alipewa kipande cha keki ya kakao kimefungwa kwenye karatasi, hata kama kwao hakuna aliyeikumbuka siku hiyo.

Keki yenyewe si kazi. Ni ya bibi yake mzaa mama, ambaye hakuwa na oveni, na mayai yake yalikuwa ya kuuza, si ya kula. Unakuna kakao, hii hii tunayoifinyanga vijiti kama vidole kwa ajili ya chai ya kakao. Unaimwagia maji ya moto, unakoroga mpaka iwe uji. Sukari ya kahawia, mafuta ya nazi, unga, kungumanga. Magadi kidogo na ndimu. Ukiona povu, ujue imekubali. Mwisho chumvi, ile unayoibana kwa vidole viwili. Unamimina kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Basi. Hata mimi nimeipika, na mimi chai tu inanishinda.

Hiyo chumvi msiisahau. Chumvi ya vidole viwili. Tutairudia.

Verlyn alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba mtu alikwenda Aruba kutafuta kazi, akatafuta na mke huko huko. Wakabaki mama na binti, na Bi Lucinta nyumba ya pili. Verlyn alipotimiza miaka kumi na tisa, alisema anakwenda Trinidad na bwana mmoja aliyekuja kutengeneza mashine za umeme. Bwana yule alikuwa na mke wake. Watu walijua, na Verlyn alijua. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, keki iko mezani, bado ya moto. Mama na mwana walirushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje. Bi Lucinta alikuwepo, na neno la mwisho la dada yake halijamtoka kichwani mpaka leo.

"Ukivuka mlango huu usirudi. Hata kunizika usije."

Verlyn akavuka. Keki hakuikata.

Ilikuja salamu moja tu kutoka Port of Spain, kwa mdomo wa mtu. Ni mzima, yule bwana wameachana, anavuka kwenda Venezuela kutafuta kibarua. Baada ya hapo, kimya. Miaka thelathini na zaidi ya kimya. Bi Ianthe alimuuliza kila aliyetoka upande ule. Alikwenda Trinidad mwenyewe, akarudi miguu imevimba na jibu hana. Na kila mwaka, siku ya Verlyn, alikuna kakao, akapika keki, akatia chumvi.

Sasa nyinyi wa Carriacou hamhitaji kufundishwa. Chakula cha waliokufa hakitiwi chumvi. Unakiweka chumba cha mbele, unawasha mshumaa, unarudisha mlango, wenyewe wanakuja kula. Asubuhi watoto wanagombania masalio. Chumvi ni yetu sisi tunaotoka jasho. Kwa hiyo miaka ilivyozidi, watu wakaanza kunong'ona. Mtoto gani aliye hai akanyamaza hivyo? Huyu mama anamtilia maiti chumvi, anamlaza mwanawe na njaa. Keki ikaanza kukataliwa. Watoto wakaambiwa wasiipokee. Ile aliyozoea kuigawa mtaa mzima ikawa inaishia kwa kuku. Mnajijua. Wengine mnanisikiliza sasa hivi, kikombe mkononi.

Bi Lucinta ameniruhusu kusema yote, na ya kwake pia. Aliota. Verlyn alimjia usingizini, nguo zimelowa chepechepe, akasema ana njaa. Ndoto kama hiyo tunaijua maana yake. Akaenda kwa dada yake analia, akamsihi: mtoto amekufa, dada, tumwekee sahani yake apumzike. Bi Ianthe alikuwa anakuna kakao. Hakuinua macho.

"Aje kwako kufanya nini? Wewe hata wali unaunguza. Mwanangu akiwa na njaa atakuja kwangu."

Bi Lucinta anasema alicheka, halafu akalia zaidi. Tangu hapo ikawa desturi yao. Bi Ianthe anampa mdogo wake mwiko aulambe. Anamuuliza, ina chumvi? Mdogo mtu anajibu, ina. Basi yuko hai, anasema Bi Ianthe, na kufunika sufuria. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwaka jana figo zikamshinda. Mwaka huu siku ya Verlyn ilimkuta kitandani, kusimama hawezi. Akamwomba Lucinta apike, yeye aelekeze kwa mdomo. Na Lucinta hakutia chumvi. Alimwona dada yake anakwisha, akawaza: akishakufa huyu, nani atamlisha yule? Akaamua kumlisha mtoto kwa siri, mara moja tu, ili mama atakapofika huko amkute ameshiba. Ubaya hakuwa nao.

Akampelekea dada yake mwiko. Dawa zilikuwa zimeshaua ulimi wake. Alikuwa akilalamika kwamba hata maji yana ladha ya chuma. Akalamba. Akauliza, ina chumvi? Lucinta akajibu, ina. Bi Ianthe akamtazama sana. Hakusema yuko hai. Aligeukia ukutani.

Lucinta akaiweka keki chumba cha mbele, akawasha mshumaa, akarudisha mlango. Asubuhi alikuta kitanda kitupu. Bi Ianthe alikuwa sakafuni chumba cha mbele, ameegemea mguu wa meza, magoti yamechubuka, kifuko cha chumvi mapajani. Keki ilikuwa nyeupe juu. Chumvi ya mawe, imemwagwa ovyo, nyingine mezani, nyingine kwenye nywele zake. Alikuwa ametambaa. Hakumgombeza mdogo wake. Aliomba tu arudishwe kitandani.

Wiki moja kabla hajafa aliniita. Akaniuliza redio yangu inafika wapi. Nikamwambia siku hizi inafika popote penye simu. Akasema nikifa, mwambie Verlyn lile neno nimelifuta. Nikamwambia, Bi Ianthe, nitalisema leo leo, nikitoka hapa. Akanikatalia.

"Nikiwa hai nitamwambia mwenyewe. Wewe ngoja nife."

Jeuri mpaka mwisho. Iliniuma, na inaniuma sasa.

Wasikilizaji wapendwa, mazishi ni Jumamosi, saa nane mchana, L'Esterre. Jumamosi, saa nane. Bi Lucinta, pole sana, mama, kisiwa kizima kinakupa pole. Na wewe uliyemwambia mwanao neno zito jana, mfuate leo ukalifute, kabla halijapitishwa redioni na mtu baki kama mimi.

Jana nilikwenda msibani. Bi Lucinta alipika keki mbili. Ya kwanza ya dada yake, haina chumvi, imewekwa chumba cha mbele na mshumaa wake. Ya pili aliikoroga peke yake. Alibana chumvi kwa vidole viwili, mkono ukabaki juu ya bakuli muda mrefu, mimi nikatazama pembeni. Halafu akaniita, akanipa mwiko.

Verlyn Quashie, popote ulipo. Mama yako amefuta neno lake, njoo umzike. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Keki yako iko kwa mama yako mdogo. Ina chumvi. Nimeionja mwenyewe.