Jaji Evelina Mashimba, Aliyehesabu Viti

Baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, Mheshimiwa Jaji Evelina Mashimba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ndiye mwanamke wa kwanza kuketi kama jaji katika jengo letu hapa Mwanza, na mimi, Hadiya Salehe, nimekuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa moyo ni mzito.

Alianza mwaka 1990 akiwa hakimu kijana huko Misungwi. Asubuhi ya kwanza mfugaji mmoja mzee alimkuta akipanga mafaili, akamwambia, "Binti, hebu tuitie hakimu, nimeacha ng'ombe njiani." Evelina akamwamkia shikamoo, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango wa mbele na kuketi kitini. Mzee yule alishindwa kesi, lakini alirudi kwao akisimulia kwamba hajawahi kushindwa kwa heshima namna ile.

Mwaka 2006 akateuliwa kuwa jaji. Chumba cha akina mama kunyonyeshea, pale karibu na masjala, alikipigania yeye. Alidai mkalimani hata shahidi alipoongea Kisukuma, lugha aliyokua nayo mwenyewe, kwa sababu alitaka kila mtu ukumbini asikie kinachosemwa.

Wafanyakazi wapya walimcheka chinichini kwa jambo moja. Kwenye kesi za mauaji, wazee wa baraza, yaani raia watatu walioketi naye kusikiliza na kutoa maoni, aliwahesabu kila asubuhi, kiti kwa kiti, kwa majina. Mmoja akienda msalani, mahakama nzima ilisimama. Hata sheria ilipoacha kuwalazimisha wazee hao kuwepo, viti vyao vitatu hakuruhusu viondolewe.

Sababu yake wengi hawaijui. Jaji ameniagiza niiandike. "Hadiya, ukiliruka hilo, usiandike kabisa," aliniambia.

Mwaka 2009 alisikiliza kesi ya Modesta, muuza dagaa wa Igombe aliyeshtakiwa kumuua mumewe. Modesta alikuwa mahabusu na mtoto mchanga mgongoni. Siku ya tatu Mzee Nestory, mmoja wa wazee wa baraza, alishikwa na malaria. Kuahirisha kungemaanisha kusubiri kikao kingine, pengine miezi minane. Jaji alimtazama yule mtoto, akasema tuendelee na mzee mwingine. Mimi ndiye niliyetoka nje kumwita Mzee Nurdin, aliyekuwa akingojea kesi nyingine, na mimi ndiye niliyemwonyesha kiti cha Mzee Nestory.

Modesta akaachiwa huru. Alilia, nasi tukalia naye.

Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Mahakama ya juu haikusema Modesta ana hatia wala hana. Ilisema hukumu yote ni batili, maana Mzee Nurdin hakuwasikia mashahidi wa mwanzo, na kesi ianze upya. Modesta akakamatwa tena mwaka 2012. Alikaa ndani miaka minne kabla jaji mwingine hajamwachia, safari hii moja kwa moja. Katika miaka hiyo mama yake alifariki, na yule mtoto alilelewa na majirani.

Huruma yetu ndiyo iliyomrudisha ndani. Hakuna siku iliyoniuma kama ile ya kusoma uamuzi wa rufaa, na Jaji hakuja kula mchana kwa wiki nzima. Baadaye alikwenda Igombe mara tatu, bila dereva, kumwomba Modesta msamaha. Mara zote tatu mlango haukufunguliwa.

Wiki iliyopita alinituma nimpelekee Modesta kadi ya mwaliko wa hafla ya Ijumaa. Nilimkuta akianua dagaa. Hakunikaribisha kukaa, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie simchukii, dada," akasema. "Najua alitaka kunisaidia. Ila mama yangu alizikwa mie niko ndani. Siji."

Nilimfikishia Jaji neno kwa neno. Alifuta miwani yake, akaniambia kiti cha Modesta kiwekwe vilevile, mstari wa mbele.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa miaka yako yote, na kwa kutufundisha kwamba kosa lililofanywa kwa nia njema nalo linaandikwa. Tutakukosa sana. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na siku ambayo mlango ule wa Igombe utafunguliwa.

Kwa wageni wetu: Ijumaa ukumbi utajaa, na Jaji atahesabu viti kama kawaida yake. Kile kitupu cha mbele kina mwenyewe. Tafadhali, hata mkikosa pa kukaa, mtu asikikalie.