Bi Hina na Bahari Iliyomo Mwilini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Bi Hina Solanki wa mtaa wa Hurumzi, mkunga mstaafu, aliyetutoka Jumapili. Wengi wenu mnaonisikia, ni yeye aliyekupokeeni duniani.

Bi Hina alikuwa wa dini ya Kihindu. Mzazi akilemewa na uchungu, Bi Hina alikuwa akimpangusa jasho na kumhadithia kisa cha dini yao. Miungu na mashetani waliuzungushia mlima nyoka, wakamvuta huku na huku, wakaikoroga bahari kwa mlima huo wapate maji ya uzima. Kwanza ikatoka sumu. Shiva, mmoja wa miungu hao, akaimeza, akaizuia kooni, koo likageuka buluu.

"Mlima ni uti wako wa mgongo," akisema. "Nyoka ni pumzi. Bahari ndiyo tumbo hili. Sumu hutangulia, mwanangu. Vuta pumzi."

Jirani yake, Bi Tahiya, anakumbuka: "Nkamwambia, Hina, mie Muislamu, miungu yenu siijui. Akacheka. 'Pumzi unayo? Basi vuta.' Nkavuta, nkajifungua salama."

Lakini kaka yake Bi Hina, Bwana Kishor, muuza vitambaa, kisa hicho kilimchoma. Siku ya sikukuu alimkaripia hekaluni, watu wanasikia: "Miungu umeifanya nyama na mifupa! Kesho utasema haipo."

"Kaka, sikusema haipo. Nimesema ipo karibu."

Hawakusemeshana tena. Miaka, wasikilizaji. Ndugu wa tumbo moja, mtaa mmoja, wakipishana kimya.

Mwaka jana Bi Hina akapatwa na saratani ya koo. Naam, ya koo. Sauti ikakwaruza, ikafifia, ikakatika. Bi Tahiya akamfuata Kishor dukani. "Nenda. Dada yako anakwisha."

Akaenda. Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hina, nieleze tena ile bahari. Safari hii ntasikiliza."

Bi Hina alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaushika mkono wa kaka yake, akauweka kwenye koo lake. Kishor akausikia uvimbe chini ya vidole, mgumu, na pumzi ikipita kwa tabu. Akalia, mtu mzima yule.

"Nlikwenda na masikio yangu," ametuambia, "yeye sauti hana tena."

Jumatatu ni yeye aliyewasha moto wa kumchomea dada yake. Bi Tahiya alisimama nje ya lango la uwanja wa kuchomea maiti mpaka moshi ulipokwisha.

Tunaipa pole familia ya Solanki, na kila mama aliyeshikwa mkono na Bi Hina. Na wewe unayesikiliza, kama yupo ndugu mliyenuniana naye, usingoje tumalize. Zima redio. Mpigie.