Kanda Iliyokimbizwa

Msumari: Haloo? Nani mwenzangu?

Shangazi: Mimi, shangazi yako. Nimeazima simu ya mwenye saluni. Yangu umeikataa mara nne.

Msumari: Shikamoo, shangazi. Sijaikataa, huku mashine zinanguruma, sikusikia—

Shangazi: Marahaba. Uko wapi?

Msumari: Kwa mchapaji. Leo ndiyo leo. Majalada ya albamu yanaingia mashineni sasa hivi, nakala elfu moja. Ile niliyokutumia umeipata? Umeisikiliza?

Shangazi: Nimeisikiliza.

Msumari: Yote?

Shangazi: Nyimbo zote kumi na moja. Nilikuwa na rangi kichwani, nimeisahau mpaka imeniunguza.

Msumari: [anacheka] Basi sema. Umeionaje?

Shangazi: Besi ya marehemu baba yako umeileta mbele. Vizuri. Ule mdundo wake wa fanki siku zote ulikuwa unafukiwa. Tarumbeta za jazi nazo zimepata pumzi. Wewe mwenyewe unagombana na watu kama kawaida yako, ila angalau safari hii unagombana ndani ya mapigo.

Msumari: Ndiyo hip-hop hiyo, shangazi. Lazima mtu asemwe. Na wimbo wa saba je? Haloo? Mtandao huu nao—

Shangazi: Nipo. Wimbo wa saba utoe.

Msumari: Nini?

Shangazi: Utoe. Zibaki kumi.

Msumari: Shangazi, usinitanie. Huo ndio roho ya albamu. Kiitikio chako cha soul, sauti yako ya ujana, mimi narapu juu yake nusu nalia. Jina lako nimeliweka kwenye jalada kwa herufi kubwa kuliko langu.

Shangazi: Ndiyo maana nasema utoe.

Msumari: Sikuelewi.

Shangazi: Nani alikwambia upunguze kasi?

Msumari: Kasi gani? Aa, ya kanda. Kumbe umesikia. Una masikio wewe.

Shangazi: Nimekuuliza nani alikwambia.

Msumari: Hakuna aliyeniambia. Nilipozitoa zile kanda kubwa kwenye kabati la mzee, wimbo huo ulikuwa haukai na kinanda changu hata kidogo. Uko juu kidogo, si ufunguo huu, si ule. Nikajua kuna mtu aliukimbiza wakati wa kuunakili. Nikaurudisha nyuma pole pole mpaka besi ikakaa mahali pake. Basi, kila kitu kikatulia.

Shangazi: Na sauti?

Msumari: Sauti nayo ikashuka. Ikawa nzito, ina... sijui nisemeje. Nilikaa sakafuni pale studio. Nikasema, kumbe shangazi alikuwa na sauti hii, akaipotezea wapi?

Shangazi: Irudishe kasi ya zamani basi. Kama hutaki kuutoa, uache uende kasi, kama watu wanavyoujua.

Msumari: Utaharibika. Besi itakuwa kama ya katuni.

Shangazi: Watu wameupenda hivyo miaka thelathini na moja.

Msumari: Kwa sababu hawakusikia mwingine. Shangazi, kuna nini? Kuna mtu anaudai wimbo?

Shangazi: Hakuna wa kuudai.

Msumari: Sasa tatizo liko wapi?

Shangazi: Ule wa kasi unafanana na mimi.

Msumari: Unafanana? Mtu anafananaje na sauti yake mwenyewe?

Shangazi: Ngoja. Ngoja nitoke nje, humu ndani watu wana masikio marefu. [mlango, kisha magari] Unanisikia?

Msumari: Unakatakata. Nakusikia. Kaka fundi, dakika mbili, tafadhali, naongea na mzazi hapa. Shangazi, anayeimba ni nani?

Shangazi: Wimbo ule ulirekodiwa bado hujazaliwa. Chumba chenyewe kidogo, magodoro yameegemezwa ukutani. Nyuma ya maiki tulikaa wawili. Mimi nilikuwa naitikia tu. Ukisikiliza vizuri utanisikia, kule chini, naitikia.

Msumari: Na anayeongoza?

Shangazi: Anayeongoza tulimletea kiti. Hakuweza kusimama muda mrefu. Alikuwa na tumbo la miezi minane, mwanangu.

Msumari: Mama alikuwa haimbi.

Shangazi: Nisikilize, baba—

Msumari: Mliniambia alikuwa haimbi. Mliniambia alikuwa mshonaji, anashona sare za bendi.

Shangazi: Alishona pia.

Msumari: [mlio wa mashine] Ngoja. Ngoja kwanza. Wewe na mzee, wote wawili. Mkakaa na siri hii.

Shangazi: Tulimzika wewe una wiki tatu. Baba yako hakuweza kuisikia ile kanda. Kila akiiweka, anatoka chumbani, anaiacha inazunguka peke yake. Na kampuni nayo inaulizia wimbo, watu wanataka kumwona mwimbaji jukwaani. Siku moja akaikimbiza. Sauti ikawa nyembamba, ikafanana na yangu. Akasema, hivi naweza kuvumilia. Imba hii jukwaani, dada, mara moja tu.

Msumari: Ukasema sawa.

Shangazi: Nikasema sawa. Mara moja ikazaa miaka.

Msumari: Ukaitwa Malkia.

Shangazi: Nikaitwa Malkia. Hata saluni napewa kiti cha kwanza, nikija jioni, nikija bila kupanga foleni. Sitakuficha kwamba nilikipenda kile kiti.

Msumari: Nimelelewa kwako, shangazi. Nilikuuliza mara ngapi, mama alikuwaje? Mara ngapi? Unajibu nini? "Mpole."

Shangazi: Alikuwa mpole.

Msumari: Achana na upole. Nina miaka thelathini na moja, sijawahi kumsikia mama yangu. Siku ninayomsikia, naandika jina lako.

Shangazi: Najua.

Msumari: Hujui.

Shangazi: Sawa. Sijui. Nitukane, niko tayari kutukanwa. Lakini tukana haraka, simu si yangu.

Msumari: Siwezi kukutukana, na ndicho kinachonikera. Unaogopa nini hasa? Watu wa sokoni? Watasema Malkia kumbe mwitikiaji?

Shangazi: Watasema. Soko nimelizoea, linasema leo, kesho linauliza bei ya nyanya. Nilikuwa nakuogopa wewe.

Msumari: Ungenyamaza tu basi. Mimi nilikuwa sijui kitu. Baada ya nusu saa jalada lingechapwa, wimbo ungekuwa wako mpaka kufa. Kwa nini umepiga?

Shangazi: Nilipiga uutoe, yaishe. Ndivyo nilivyojiambia.

Msumari: Na ukweli?

Shangazi: [mtandao unakwaruza] Ukweli nimemsikia. Nimekaa pale na rangi kichwani, wifi yangu huyo, kama yuko kiti cha pili. Mwisho wa kiitikio kuna mahali anavuta pumzi. Umepaona?

Msumari: Nimepaona. Nilitaka kupaondoa. Nikaona aibu, sijui kwa nini.

Shangazi: Usipaondoe. Kwenye ile ya kasi pumzi ile haisikiki. Alikuwa akiivuta hivyo hivyo akitaka kuniita nikale. Anavuta, halafu ndiyo anaita. Mimi nikiisikia tu, nishainuka. Leo nimeisikia nikainuka kwenye kiti, msusi akadhani rangi imeniingia machoni.

Msumari: [anapenga kamasi]

Shangazi: Unalia?

Msumari: Hapana. Vumbi la karatasi.

Shangazi: Haya.

Msumari: Akiongea, ilikuwa sauti hiyo hiyo?

Shangazi: Hiyo hiyo. Umeirudisha mahali pake kabisa, sijui umejuaje. Ndiyo aliyokuwa akikuimbia ukiwa na wiki moja, wiki mbili, bado hata jina hujapewa. Ulikuwa ukinyamaza.

Msumari: Shangazi, bado unataka niutoe?

Shangazi: Usiniulize mimi.

Msumari: Nakuuliza wewe. Sina mwingine wa kumuuliza.

Shangazi: Usiutoe.

Msumari: Na kasi?

Shangazi: Iache ilipo. Mtu akiirudisha juu tena nitamfuata mpaka kwake.

Msumari: Basi jalada lazima libadilike. Nitaandika—

Shangazi: Naelewa utaandika nini.

Msumari: Sitaki kukuaibisha.

Shangazi: Hujaniaibisha wewe. Fundi wako bado yupo?

Msumari: Yupo, ananikodolea macho. Anasema akianza, hazimi.

Shangazi: Mwambie mstari mmoja tu unabadilika. Kuimba, weka mama yako. Jina lake lote, alilopewa na wazazi wake, la jukwaani hakuwahi kuwa nalo. Ukishamaliza yeye, ndiyo unaniweka mimi, kuitikia. Kwa herufi ndogo.

Msumari: Zitakuwa sawa. Herufi sawa.

Shangazi: Ndogo, nimesema. Kubwa nimezila miaka thelathini na moja, zimenitosha.

Msumari: Shangazi, Jumamosi kwenye uzinduzi umetangazwa. Kila mahali wameandika Malkia ataimba. Nifute?

Shangazi: Unafuta nini? Nitakuja.

Msumari: Uimbe?

Shangazi: Mweke yeye kwenye spika, sauti yake peke yake, na besi ya baba yako. Mimi nitakaa nyuma ya maiki, pale nilipokuwa nakaa. Naitikia. Naikumbuka yote ile sehemu yangu, sijawahi kuiimba tena tangu siku ile, maana hakukuwa na wa kumwitikia. Umenisikia?

Msumari: Nimesikia.

Shangazi: Haya, mwenye simu ananiangalia dirishani, anaonyesha mkono. Kamwambie fundi kabla hajabonyeza.

Msumari: Naenda. Shangazi—

Shangazi: Nenda, baba. Mama yako kwanza. Mengine uta—

Msumari: Haloo? Shangazi? [simu imekatika] Kaka, usibonyeze kwanza. Kuna jina la kubadilisha.