Sanduku la Skrubu

Muuguzi mmoja alipakata mbao za sanduku la bintiye, anayeolewa Jumamosi. Seremala aliyeketi mkabala naye garimoshini akatoa ushauri, ingawa hakuombwa. "Tia gundi, mama. Halitaachia maisha." "Nitatia skrubu." "Skrubu hulegea." "Na hufunguka, baba." "Sanduku la bibi harusi lifunguliwe kwa nini?"

Jambo hili muuguzi hakuwahi kumwambia hata dada yake. "Langu liliundwa kwa gundi, mle mle chumbani. Siku niliyotaka kumwacha mume wangu, halikupita mlangoni, nami sikuweza kuliacha. Nikabaki miaka kumi na minane."

Seremala akaanza, "Lakini mama, ndoa si..." Garimoshi likasimama. Muuguzi akajitwika mbao, akashuka akijiona mwepesi kuliko alivyopanda.